Hivi ni kweli Waingereza hawana gazeti la mpira la kila siku? Na haya magazeti yao ya udaku yalianzaje?

KibandaChaBaba

Mbukwenyi wakuu, habari za mchana.

Mi nauza magazeti hapa Dodoma mjini, kibanda alikianzisha marehemu mzee wangu na mimi nimekirithi. Enzi zake magazeti yalikuwa yanatoka Dar na basi yanaingia huku mchana, siku nyingine jioni kabisa, na wateja wanakuwa washafika zamani wanayasubiri. Alikuwa anayatandaza chini kwenye turubai anayabana na mawe maana upepo wa huku mnaujua, ukisahau jiwe moja tu unakimbizana na gazeti mpaka barabarani. Na mpaka leo kuna kitu hakijabadilika, mteja akifika anainama anasoma kwanza kurasa za mbele za magazeti ya michezo, Mwanaspoti, Championi, anazimaliza zote ndo anaanza kuangalia mengine.

Sasa juzi kijana mmoja anasoma pale UDOM kaja kununua gazeti tukaanza kuongea mpira wa Ulaya, akaniambia eti Uingereza kwenyewe, huko mpira ulikozaliwa, hakuna gazeti la mpira la kila siku. Waitaliano wanalo, Wafaransa wanalo, Wahispania wanayo zaidi ya moja, sisi tunayo, wao hawana. Nikamkatalia. Yaani nchi ambayo ligi yake tunaifuatilia mpaka bibi zetu wanajua majina ya wachezaji, ikose gazeti la mpira? Tukabishana pale wateja wengine wakaingilia, kila mtu na lake na hakuna aliyekuwa na uhakika.

Naomba mnaojua mnisaidie, nauliza kwa nia ya kujifunza kwa sababu hii ndo kazi iliyonisomesha na ndo inasomesha wanangu. Kwanza, ni kweli? Na kama kweli, kwanini? Pili, haya magazeti yao ya udaku, The Sun na Mirror na wenzake, yalianzaje mpaka mpira na udaku vikakaa kwenye gazeti moja, wakati huku kwetu udaku una magazeti yake na mpira una yake? Na hili jina tabloidi limetoka wapi?

---

Ticha wa Kongwa

Mbukwa mkuu, pole kwa kumpoteza mzee. Kijana wa chuo yuko sahihi, ila kuna kipande hajakwambia. Waingereza wamewahi kuwa na gazeti la michezo la kila siku tena kwa zaidi ya miaka 100, sema lilikuwa la farasi. Ntafika huko, wacha nianze na hilo jina.

Tabloidi ni kidonge. Kampuni moja ya dawa ya London inaitwa Burroughs Wellcome ilisajili hilo jina mwaka 1884 kwa ajili ya dawa zake ambazo zilikuwa zinashindiliwa zinakuwa vidonge vidogo. Watu wakalipenda wakaanza kuliita kila kitu kilichofinywa kikawa kidogo na chepesi kumeza. Sasa tarehe 1 Januari 1901, siku ya kwanza ya karne mpya, Alfred Harmsworth, bwana mkubwa wa magazeti ya Uingereza, alikuwa New York na Joseph Pulitzer akamwachia gazeti lake la World alihariri kwa siku moja tu. Harmsworth akalitoa nusu ya ukubwa uliozoeleka, habari fupi fupi, akasema hili ndo gazeti la karne ya 20, na akaliita hivyo hivyo, la kidonge. Kampuni ya dawa ilipigania jina lake lakini mtaa ulishalichukua.

Huyu Harmsworth ndo aliyeanzisha Daily Mail tarehe 4 Mei 1896. Alifanya kitu cha mfanyabiashara hasa, magazeti mengi ya asubuhi yalikuwa peni 1 na kuendelea, yeye akauza nusu peni. Siku ya kwanza zikatoka nakala karibu laki 4. Halafu mwaka 1903 akaanzisha Daily Mirror kwa ajili ya wanawake, likiandikwa na wanawake wenyewe, likadoda. Mwaka uliofuata akaligeuza gazeti la picha, wale waandishi wanawake wakaondolewa, na hapo likapaa. Hilo la kuondolewa huwa linaniuma kila nikilisoma, maana hawakupewa hata mwaka mmoja wa kujaribu.

Lakini mkuu usidhani Harmsworth ndo mwanzo wa yote. Kilichofungua mlango ni kodi. Kuanzia 1712 serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza ushuru wa stempu kwenye kila gazeti, na ilipofika 1815 ushuru ulikuwa peni 4 kwa nakala, kwahiyo gazeti moja likawa linauzwa kama peni 7. Mfanyakazi wa kiwandani hawezi hiyo, watu walikuwa wanachangishana wananunua moja, anayejua kusoma anawasomea wengine kwenye baa. Nia ilikuwa hiyo, maskini asipate habari akaanza kuuliza maswali. Mwaka 1836 wakaipunguza ikawa peni 1, 1855 wakaifuta, 1861 wakafuta na ile ya karatasi. Ongeza reli imeshafika kila mji, ongeza sheria ya elimu ya 1870 iliyosambaza shule za msingi, baada ya miaka 20 hivi una mamilioni ya watu wanaojua kusoma, wana nusu peni mfukoni, na wanatoka kazini wamechoka hawataki hotuba ya bungeni yenye kurasa nne. Nani atawaandikia? Hapo ndo wakina Harmsworth walipoingilia.

Na udaku wenyewe ni wa zamani kuliko Harmsworth. News of the World, gazeti la Jumapili, lilianza tarehe 1 Oktoba 1843 kwa peni 3, na chakula chake kilikuwa kesi za mahakamani, mauaji, wizi, talaka za wakubwa. Mhariri mmoja, Emsley Carr, alikaa kwenye kiti kile kuanzia 1891 mpaka 1941, miaka 50 mtu mmoja. Kufikia 1950 lilikuwa linauza zaidi ya nakala milioni 8 kila Jumapili. Na Jumapili ni siku gani kwa Mwingereza? Ni kesho yake baada ya mechi. Kwahiyo baba anafungua gazeti lile lile kusoma kesi ya mwanaume aliyemuua mkewe na kusoma mechi ya jana. Mpira na udaku vilikutana hapo mkuu, kwenye siku ya mapumziko.

---

Mdau wa Jamhuri

Ticha asante sana, ila hapo kwenye farasi umeniacha. Watu wa mpira wale, farasi imeingiaje tena?

---

Ticha wa Kongwa

Kamari ndugu yangu. Farasi zinakimbia karibu kila siku, na mtu anayeweka hela anahitaji kila asubuhi kujua farasi yupi anakimbia wapi, kabeba uzito gani, mpanda farasi ni nani, odi zikoje. Kwahiyo gazeti la kila siku lina kazi ya kufanya. Sporting Life lilianza Machi 1859, miaka minne tu baada ya ile kodi kufutwa, na kufikia 1883 likawa linatoka kila siku. Manchester nako walikuwa na Sporting Chronicle la 1871. Na ujue kubeti kwa hela taslimu mtaani kulipigwa marufuku kwa sheria ya 1906 mpaka yalipohalalishwa maduka ya kubeti Mei 1961, miaka yote hiyo mfanyakazi wa kawaida alikuwa anabeti kwa kujificha kona za mitaa, lakini gazeti lenye odi ananunua wazi wazi hadharani. Sporting Life lilikufa 1998 likamezwa na Racing Post ambalo lilikuwa limeanzishwa 1986 na Sheikh Mohammed wa Dubai.

Mpira sasa. Ligi yao ilianza 1888 na mechi karibu zote ni Jumamosi saa 9 alasiri kwa sababu viwanda vilikuwa vinafunga Jumamosi mchana. Jumatano utaandika nini? Mechi za ligi usiku chini ya taa hazikuwepo kabisa mpaka Februari 1956, Portsmouth na Newcastle ndo wa kwanza. Kwahiyo mpira ulipata gazeti la wiki, Athletic News la Manchester, lililoanza 1875 na kutoka Jumatatu, na lilikuwa na heshima ya ajabu, mhariri wake mmoja J.J. Bentley alikuwa wakati huo huo rais wa ligi yenyewe. Fikiria leo mhariri wa gazeti letu la michezo awe ndo rais wa TFF. Likafa 1931, likaunganishwa na lile la farasi la Manchester, Sporting Chronicle.

---

Mgogo wa Sheffield

Wakuu nimekuja mbio, huu uzi umenigusa. Nilisoma Sheffield miaka miwili kabla ya kurudi nyumbani, sasa niko Nkuhungu. Ticha kaeleza vizuri ila karuka kitu ambacho kwangu ndo roho ya magazeti ya mpira ya Uingereza, magazeti ya Jumamosi jioni.

Karibu kila mji mkubwa ulikuwa nalo. Mechi inaanza saa 9, inaisha saa 11 kasoro dakika ishirini, na kabla saa 12 na kitu haijafika gazeti lina ripoti ya mechi, matokeo ya nchi nzima na msimamo wa ligi, liko barabarani linauzwa. Hapa naongelea enzi hakuna kompyuta. Yalikuwa yanachapwa kwenye karatasi ya rangi ili mtu alitambue kwa mbali asichanganye na gazeti la kawaida la jioni, Birmingham kulikuwa na Sports Argus la pinki toka 1897, Sheffield wakawa na la kijani toka 1907, watu wanaliita tu La Kijani na kila mtu anaelewa.

Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa shabiki wa Sheffield Wednesday, na kwenye kabati chini ya ngazi alikuwa na marundo ya zile nakala za kijani za zamani zimefungwa kwa kamba, rangi imeshakuwa kama majani makavu. Jioni moja alinitolea nikazisoma nikagundua kitu, ripoti ya kipindi cha kwanza ni ndefu kila kitu kimo, nani kapiga kona, nani kaanguka, upepo unaelekea wapi, halafu kipindi cha pili kinaenda kinafupika, dakika kumi za mwisho ni mistari miwili. Nikamuuliza mbona hivi? Akaniambia kwa sababu mwandishi alikuwa uwanjani na simu anasoma ripoti kidogo kidogo mechi ikiendelea, upande wa pili ofisini mtu anachapa anavyosikia, karatasi inakimbizwa mtamboni. Kadri muda unavyoisha nafasi inaisha. Timu inaweza kufungwa dakika ya 89 na ukurasa mzima unasifia walivyocheza vizuri.

Na alinisimulia baba yake alivyokuwa anamtuma akasimame kwenye foleni dukani, Jumamosi jioni, mvua, wanaume na watoto wamejipanga hakuna anayeongea kwa sauti, gari likikata kona tu mstari wote unasogea. Nilivyomsikia nikakumbuka watu wetu stendi wanasubiri basi la magazeti kutoka Dar. KibandaChaBaba nadhani wewe utaielewa ile foleni kuliko mtu yeyote humu.

Yalikufa moja moja. Ligi Kuu ya 1992 na hela za televisheni zilihamisha mechi kwenda Jumapili na Jumatatu, Jumamosi saa 9 ikabaki na mechi pungufu, halafu simu zikaanza kuleta matokeo mfukoni. Sports Argus lilifungwa 2006, La Kijani 2013.

---

Nyerere Square Finest

Mi naona mnazunguka. Magazeti ya michezo yameuliwa na TV na intaneti kila mahali, Uingereza siyo ajabu.

---

Mgogo wa Sheffield

Mkuu nakubali kwa haya ya Jumamosi, ila swali la mwenye uzi ni kwanini hawakuwahi kuwa na la mpira la kila siku hata kabla ya TV. Italia nao wana TV, na Gazzetta dello Sport la pinki lipo toka 1896. Ufaransa wana L'Équipe toka 1946. Mi nionavyo Waingereza nafasi hiyo ilichukuliwa na tabloidi. Mwaka 2006 kuna watu walijaribu, wakatoa gazeti la kila siku linaitwa The Sportsman, michezo na kubeti, lilianza Machi na Oktoba limekwisha. Mteja alishazoea kupata kurasa zaidi ya kumi za michezo nyuma ya gazeti la bei rahisi ambalo lina na habari za waigizaji, bingo, ratiba ya televisheni na utabiri wa nyota, sasa atoe hela ya pili ya nini? Ndo maana wanaume wengi kule wanasoma gazeti kwa kuanzia nyuma, ukurasa wa mwisho ni kama ukurasa wa mbele wa pili.

Na hii alipiga nayo hela Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti kutoka Australia. Alinunua News of the World mapema 1969, akakuta mitambo yake inafanya kazi usiku mmoja tu kwa wiki, siku sita imelala. Mwaka huo huo akanunua The Sun, gazeti kubwa la heshima lililokuwa linapoteza hela, zamani liliitwa Daily Herald la wafanyakazi. Tarehe 17 Novemba 1969 akalitoa upya likiwa tabloidi. Michezo mingi, udaku mwingi, mwaka uliofuata picha za wasichana vifua wazi ukurasa wa tatu, jambo ambalo lilidumu mpaka 2015 na mimi naona liliwashushia hadhi wanawake wa nchi nzima kwa miaka yote hiyo. Kufikia 1978 lilikuwa limeshalipita Mirror kwa mauzo.

---

Mpigachapa Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi kwa sasa niko Mpwapwa napumzika, nimefanya kazi ya uchapaji miaka zaidi ya thelathini, nilianza enzi za herufi za risasi, yale madini laini ya kuyeyushwa. Nataka niwaongezee upande ambao hakuna aliyeugusa, watu wa mtambo.

Huyu kijana wa Sheffield kasema gazeti linatoka saa moja baada ya mechi. Wacha niwaeleze maana yake. Mpangaji anakaa kwenye mashine ina kibodi, kila mstari anaoandika mashine inayeyusha risasi inautoa kama kipande kimoja, cha moto, kimegeuka kama kwenye kioo. Vipande vinapangwa kwenye fremu vinakazwa, inatengenezwa kalibu, linamwagwa bamba la duara linaingia mtamboni. Ukikosea herufi moja unarudia mstari mzima. Sasa goli la dakika ya mwisho unaliwekaje wakati bamba limeshaingia? Kwenye ukurasa walikuwa wanaacha kidirisha kitupu, na mtambo una sehemu ndogo pembeni ya kugonga maneno machache ndani ya kile kidirisha bila kugusa bamba. Matokeo ya mwisho yanapita hapo. Ukiona gazeti la zamani lina kiboksi chenye maneno yamekaa upande au wino umezidi, hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa anakimbizana na dakika, msimcheke.

Watu wale wa London walikuwa mafundi na walikuwa na vyama vyenye nguvu kweli kweli. Januari 1986 Murdoch alihamisha magazeti yake manne, The Sun na News of the World, pamoja na The Times na Sunday Times, akayapeleka usiku kwenye jengo jipya la Wapping lenye kompyuta, waandishi wakawa wanachapa wenyewe moja kwa moja. Wachapaji wakagoma, na karibu watu 6,000 wakafukuzwa kazi. Wakasimama nje ya lile jengo zaidi ya mwaka, baridi ile, farasi wa polisi, mpaka wakashindwa Februari 1987. Hata reli alizikwepa, akasafirisha magazeti kwa malori ili wafanyakazi wa reli wasiweze kuyazuia. Najua vyama vile navyo vilikuwa na makosa yake, mtu mmoja analipwa kazi ya wawili, sifichi. Lakini fundi wa miaka thelathini kuambiwa kwa barua kuwa mikono yako haihitajiki tena, mimi najua inavyouma kwa sababu kompyuta zilipoingia kwetu nilishuhudia wenzangu wakirudi nyumbani na mfuko wa plastiki wenye kikombe na koti la kazi. Mimi nilibaki kwa sababu nilikubali kujifunza upya nikiwa na miaka 44.

Kipande kimoja cha risasi cha mstari wa mwisho nilioupanga ninacho hapa nyumbani. Siuzi.

---

Mama Kop Area C

Shikamoo mzee wetu, na poleni kwa yote. Mimi ni Liverpool toka nasoma sekondari na siwezi kuona The Sun linatajwa nikapita kimya.

Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough huko huko Sheffield. Polisi walifungua geti kubwa bila kuziba njia ya kuelekea sehemu za katikati ambazo zilikuwa zimeshajaa, watu wakabanana kwenye uzio wa chuma. Wamekufa watu 97, wa mwisho alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile, miaka 32 baadaye. Siku nne baada ya mechi The Sun likatoa ukurasa wa mbele wenye neno moja kubwa, UKWELI, na chini yake likaandika kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti mifukoni na kuwakojolea polisi waliokuwa wanaokoa. Uongo mtupu. Mhariri Kelvin MacKenzie ndo aliyechagua lile neno. Maneno yalitoka kwa polisi na mbunge mmoja kupitia shirika la habari la pale Sheffield, magazeti mengine nayo yaliyaandika lakini kama tuhuma, yeye akayaandika kama ukweli.

Fikirieni mzazi ametoka kumtambua mwanae ukumbini, bado hajamzika, anapita dukani kununua maziwa anakutana na lile neno.

Liverpool wakaacha kulinunua. Watu walilichoma mtaani, wenye maduka wakakataa kuliweka, na mpaka leo sehemu kubwa ya mji ule hulikuti. Na ilibidi wasubiri Septemba 2012 jopo huru liseme rasmi kuwa yale yalikuwa uongo na polisi walibadilisha maelezo ya askari wao, halafu Aprili 2016 baraza la mahakama likatamka waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 familia zinatembea mahakamani. Klabu yenyewe 2017 ikawafungia waandishi wa The Sun wasiingie uwanjani kwao Anfield.

Kwahiyo mkuu wa kibanda, ulipouliza mpira na udaku vilikaaje gazeti moja, mi nakwambia na hili pia ni jibu. Dawati lililozoea kuchuja udaku kwa ungo wenye matobo makubwa ndo hilo hilo lililopewa msiba wa watu wa mpira.

---

Mdau wa Jamhuri

Dada umenitoa machozi hapa ofisini, nilikuwa najua juu juu tu.

---

Wakili wa Wanyonge

Mama Kop nakubaliana na kila neno, na naongeza kwamba News of the World lilifungwa tarehe 10 Julai 2011 baada ya miaka 168, ilipojulikana watu wake walikuwa wanaingia kwenye simu za watu kusikiliza ujumbe wa sauti, hadi wa msichana mdogo aliyekuwa ametekwa na kuuawa 2002. Hakuna wa kulililia kwa hilo.

Ila kwa haki tuseme na upande wa pili. Aprili 1964 gazeti la Jumapili la The People, ni la udaku hilo, ndo lililofichua upangaji wa matokeo kwenye ligi ya Uingereza. Wachezaji watatu wa Sheffield Wednesday, Peter Swan, David Layne na Tony Kay, walikuwa wamebeti timu yao wenyewe ifungwe na Ipswich Desemba 1962, ikafungwa 2 bila. Aliyewauza ni mchezaji wa zamani Jimmy Gauld, aliyekuwa kinara wa mtandao wenyewe, alilipwa na gazeti akarekodi mazungumzo. Gauld akala miaka minne, wale watatu miezi minne kila mmoja, na wakafungiwa mpira maisha. Swan na Kay walikuwa na kiwango cha timu ya taifa, na miaka miwili baada ya habari kutoka Uingereza ikabeba Kombe la Dunia wao wako nje. Gazeti zito la wasomi halikuwa hata na mwandishi wa kukaa na watu wa aina ya Gauld. Anayejua vichochoro ndo anayeona panya.

Na hao hao News of the World ndo 2010 waliwanasa wachezaji wa kriketi wa Pakistan waliopokea hela kurusha mipira mibaya makusudi pale uwanja wa Lord's, London, watu wakaenda jela. Mwandishi aliyefanya kazi ile, Mazher Mahmood, naye 2016 akafungwa kwa kuharibu ushahidi kwenye kesi nyingine. Kwahiyo mkono ule ule.

Tena hata ukatili wao kwa makocha tusiupitishe haraka. Mwaka 1992 Uingereza ilipofungwa 2-1 na Sweden kwenye mashindano ya Ulaya, The Sun lilichukua picha ya kocha Graham Taylor likageuza kichwa chake kuwa tanipu, ile mboga ya mzizi, kwa sababu Msweden kwa Kiingereza na mboga ya jamii ile vina jina moja. Nchi nzima ikacheka. Mtu mwenye mke, watoto na wazazi wazee wanaoangalia dukani. Aliitwa tanipu mpaka alipofariki 2017, wakati watu wa klabu ya Watford waliofanya naye kazi hawana hata neno moja baya juu yake.

---

KibandaChaBaba

Wakuu nimeshindwa hata kuhudumia wateja vizuri leo, nimesoma kila kitu mara mbili. Yule kijana wa UDOM kapita saa 10 nikampa simu akasoma amesimama pale pale juani mpaka mwisho, akaniambia na yeye hakuwa anajua habari ya farasi wala ya kidonge. Tumekubaliana hakuna aliyeshinda.

Mgogo wa Sheffield, ile foleni naielewa kabisa. Baada ya kusoma ulichoandika nimeenda kufungua sanduku la mzee nyumbani, humo kuna magazeti ya michezo ya zamani aliyokuwa anabakiza nakala moja moja, na pembeni ya matokeo ameandika kwa kalamu saa ambayo basi liliingia siku hiyo. Saa 8 na robo. Saa 11. Kuna moja ameandika saa 2 usiku na chini yake idadi ya watu waliokuwa bado wanasubiri, 14. Sikuwahi kujua alikuwa anaandika hivyo.

Mama Kop, asante. Kuanzia sasa mtoto akiniuliza kwanini tusiandike tu kila tunachosikia ntamsomea ulichoandika.

Mzee wetu wa Mpwapwa shikamoo. Najua umesema huuzi na siombi kununua. Ila ukija Dodoma, Jumamosi yoyote nipo kibandani kuanzia asubuhi, kiti kipo na chai ipo, naomba uje nacho hicho kipande cha risasi nikishike na mimi nikuoneshe sanduku la baba.

---

Mpigachapa Mstaafu

Marahaba mwanangu. Jumamosi hii nina kliniki huko huko mjini, nikitoka nakuja. Tafuta na kioo kidogo, maana ule mstari umegeuka, bila kioo hutausoma.